Wanachama Hai

Fomu imefika tena, Februari hii ya barafu,
nasi tumeketi nyuma ya duka la mikate, mjini Bautzen,
Alhamisi jioni, tanuri limeshazimwa
ila ukuta bado una joto; tunauegemea kwa zamu.

Mimi Hańža, katibu. Nasoma kwa sauti:
"Jina la kikundi. Lugha. Nchi."
Hapo kwenye nchi huwa tunacheka kidogo,
maana sisi Wasorbi hatuna nchi,
tuna mashamba na mabwawa ya samaki ndani ya nchi,
na harakati hii kubwa ya kugawa maarifa bure
imejipanga kwa mafungu: kuna chama cha taifa
kule Berlin, chenye lifti na watu wa mshahara;
kuna jumuiya za mada, wapenda tiba, wapenda ramani;
halafu, mkiani, vikundi vya watumiaji,
ndio sisi: rejesta moja, mashine moja ya kunakili picha,
na birika ambalo si letu.

Mkiani si tusi. Mkia ndio unaofukuza nzi.

"Matumizi." Euro mia nne na kumi na mbili.
Risiti ya treni ya Cottbus imepotea.
Měrko anaapa ilikuwa kwenye koti lile la kijivu;
koti lenyewe amempa mkwewe.
Tunaandika: imepotea. Kamati itatuuliza.
Kamati nayo ni watu wa kujitolea kama sisi,
mmoja yuko Arequipa, mwingine Tbilisi,
wa tatu, Nasrin wa Rajshahi, hutujibu usiku wa manane
mtoto akishalala. Mwaka jana barua yake
ilikatikia katikati ya neno.
Tulingoja siku mbili. Kisha:
"Samahani, homa. Endeleeni."

"Idadi ya wanachama hai. Wasipungue kumi."

Kalamu yangu ikasimama.
Tupo tisa chumbani.
Handrij Kubaš tulimzika Novemba,
fundi reli mstaafu, mkali wa alama za mkato,
aliyeandika makala sitini na tatu
za vijiji vilivyomezwa na machimbo ya makaa:
kila kijiji na kanisa lake, na kisima chake,
na nyumba ipi ilikuwa na mbwa mkali.
(Mbwa tulimfuta. Hakuwa na chanzo.
Handrij alinuna wiki tatu.)

"Asiyekuwapo na lake halipo," akasema Lubina,
si kwa ubaya; ni mhazini, kazi yake kujumlisha na kutoa.
"Andika tisa. Wakituondoa, watuondoe."
Wakituondoa: hakuna ruzuku, hakuna nembo mlangoni,
hakuna kiti chetu kwenye mkutano mkuu
ambao hata hivyo hatujawahi kupata nauli ya kuufikia.

Měrko akaivuta fomu, akaazima miwani,
akasoma maandishi madogo, chini kabisa:
"Mwanachama hai ni yeyote aliyechangia
walau mara moja ndani ya mwaka wa taarifa."

Tukafungua kumbukumbu.
Tarehe tisa Novemba, saa kumi na moja alfajiri,
kutoka kitandani hospitalini, kwa simu, kwa kidole kimoja:
Wólšina, kijiji cha zamani.
Kina cha kisima kimesahihishwa.
Mita kumi na moja, si kumi na mbili.

Kanuni haikuuliza nani anapumua.

Nikaandika kumi.
Lubina akaikagua mara mbili, akatia sahihi,
akajipangusa pua kwa nyuma ya mkono
na kusema baridi ya chumba hiki itatuua.

Mwakani fomu itarudi, na kwa kanuni ile ile
Handrij atakuwa amekufa.
Tulikuwa tunalisema hilo, au tunaliogopa,
wakati Wićaz mwokaji, amekuja na funguo zake
kututoa, alipoinama nyuma yetu akasoma skrini.

"Kumi na moja? Hapana," akasema.
"Kisima hicho alikichimba babu yangu."

Lubina, bila kugeuka,
akamuuliza kama ana chanzo.